Kwa nini filamu ya mwisho ya Millennium inachosha? Jibu kwa msomaji wa Morogoro

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tumetazama zile filamu tatu za Millennium za Uswidi, za yule dada Lisbeth Salander. Ya kwanza ilitukamata. Ya pili tuliimaliza usiku wa manane, macho makavu. Ya tatu, The Girl Who Kicked the Hornet's Nest, mume wangu alisinzia kabla ya nusu, na mimi niliimaliza kwa kujilazimisha. Yeye anasema filamu ni mbovu. Mimi nahisi mle ndani kuna kitu kizuri ila kimefunikwa. Nani yuko sahihi? Kosa ni la kitabu au la walioitengeneza? Na kuna namna ya kuitazama ikapendeza?"

Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye uliye karibu zaidi na ukweli, ingawa simlaumu mumeo kwa kusinzia. Filamu ile ina dakika 147, na karibu kila chenye thamani kubwa kimerundikwa kuanzia pale kesi ya Lisbeth inapofunguliwa mahakamani. Aliyelala kabla ya hapo hajapoteza mengi. Aliyelala baada ya hapo amepoteza jambo ambalo filamu mbili nzima zilikuwa zikimwandalia.

Kazi yangu ni kuhariri filamu, na ninapofundisha vijana naitumia sana hii kama mfano, kwa sababu haikuangushwa na uvivu wala waigizaji wabovu. Noomi Rapace anayemwigiza Lisbeth ni yuleyule, Michael Nyqvist anayemwigiza mwanahabari Mikael Blomkvist ni yuleyule, hata muziki ni wa Jacob Groth yuleyule. Kilichoiangusha kiko chini zaidi: ni namna kisa kilivyokatwa vipande, na kipande gani kikaangukia wapi.

Rudi kwenye dakika za mwisho za filamu ya pili. Lisbeth amemfuata baba yake, Zalachenko, mpaka shamba alikojificha. Anapigwa risasi, na moja inamwingia kichwani. Baba huyo na Niedermann, kaka yake wa baba mmoja, wanamfukia akiwa hai. Anajichimbua, anajikokota hadi bandani, anamvamia yule mzee kwa shoka. Blomkvist anafika na kumkuta ametapakaa damu. Ukimuuliza mtunzi yeyote wa hadithi za upelelezi kilele cha kisa hiki kiko wapi, atakuonyesha hapo hapo: binti na baba, kaburi na shoka. Chuki iliyoanza utotoni, siku Lisbeth alipommwagia baba yake petroli na kumchoma moto ili kumwokoa mama yake na vipigo, imelipizwa kwa mkono.

Filamu ya tatu inaanzia hapo hapo, helikopta ikimkimbiza hospitali ya Sahlgrenska, Gothenburg. Yaani inaanza baada ya kilele chake yenyewe. Kilichobaki ni kumtoa risasi kichwani, kumwuguza, kumshtaki, kumtetea na kumwachia huru. Ni mambo mazito, sikatai, lakini ni mambo ya aina nyingine kabisa. Watazamaji tulikuwa tumezoeshwa kwa zaidi ya saa nne na nusu kungoja pigo, kisha tukapewa vikao vya kujadili la kufanya baada ya pigo. Huo ndio uchovu uliomlaza mumeo.

Sasa je, kosa ni la kitabu? Hapa inabidi tumjue mwandishi kidogo. Stieg Larsson alikuwa mwanahabari wa Stockholm. Alifanya kazi miaka mingi katika shirika la habari la TT, na mwaka 1995 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la Expo, linalochunguza makundi ya ubaguzi wa rangi na ya siasa kali za mrengo wa kulia nchini mwake. Alifariki ghafla kwa mshtuko wa moyo tarehe 9 Novemba 2004, akiwa na miaka 50, na wakati huo hakuna hata riwaya yake moja iliyokuwa imetoka. Zikachapishwa 2005, 2006 na 2007. Sisi tunaziita trilojia, lakini yeye hakupanga ziishie tatu. Alikusudia kuendelea, na aliacha muswada wa nne haujakamilika. Kitabu cha tatu hakikuandikwa kiwe tamati ya kitu chochote. Mauti ndiyo yaliyokifanya cha mwisho.

Ukilijua hilo, mpangilio wake unaeleweka. Riwaya ya kwanza inajitosheleza: binti wa ukoo wa kitajiri amepotea kisiwani mwaka 1966, na mwishoni tunajua kilichompata. Ya pili na ya tatu ni hadithi moja ndefu iliyogawanywa katikati, na Larsson aligawa mahali panapomfaa msomaji wa vitabu. Msomaji huyo anamaliza jalada la pili kwa mshtuko, anafungua la tatu kwa utulivu, anakaa nalo wiki mbili. Ndani ya hilo la tatu anapewa vitu ambavyo kitabu hubeba vizuri: historia ya kitengo cha siri ndani ya idara ya usalama, kumbukumbu za ofisi, barua, ripoti za daktari, mabishano ya kisheria. Na la muhimu kuliko yote, anaingia ndani ya kichwa cha Lisbeth aliyelala kitandani. Kurasa nyingi mwili wake haufanyi lolote na bado taharuki haikatiki, maana akili yake inakimbia.

Kamera haiwezi kuingia humo. Kamera humwona mtu amelala, basi.

Hapo ndipo moyo unaniuma kidogo kwa ajili ya Noomi Rapace. Alipoipata nafasi ile alifanya mazoezi ya ndondi za mateke, akasomea leseni ya pikipiki, akatobolewa pua na nyusi kweli badala ya kubandikiwa hereni za bandia. Alimjenga Lisbeth kwa mwili: anavyotembea mabega yamepanda, anavyokaa na magoti kifuani, anavyojibu kwa kuondoka chumbani. Halafu filamu ya tatu ikamlaza mwigizaji huyohuyo kitandani, bandeji kichwani, kisha ikampeleka mahabusu. Macho yake yanajitahidi mno. Tazama anavyomwangalia daktari anayemwuguza, anavyopima kimyakimya kama huyu ni mtu wa kuaminiwa au ni mwingine wa wale. Lakini macho hayawezi kuvuta filamu nzima. Watu wa vibanda vya video wana neno lao, stelingi, na stelingi kazi yake ni kusogeza mambo. Hapa stelingi amefungwa breki, na kazi wameachiwa wengine: Blomkvist anapiga simu, wakili Annika Giannini anasoma mafaili, wachunguzi wa idara ya usalama wanakutana ofisini, wahariri wanakutana ofisini, na wale maadui nao wanakutana ofisini.

Linganisha na tukio moja la filamu ya kwanza, ambalo mimi nimelirudia mno. Blomkvist ana picha za zamani za gwaride la siku ya watoto, siku ileile Harriet Vanger, yule binti wa kisiwani, alipotoweka. Ni picha mgando, za magazeti. Anazipanga kwenye kompyuta, anaziendesha moja baada ya nyingine, na ghafla msichana aliyepotea yapata miaka 40 iliyopita anageuza shingo. Tabasamu linafutika usoni. Amemwona mtu ng'ambo ya barabara. Hakuna risasi, hakuna mbio, kuna mtu mmoja mezani, na nywele zinakusimama. Wakati huohuo Lisbeth, aliye mbali, anaidukua kompyuta ya Blomkvist kwa siri. Anaiona orodha ya majina na namba iliyomshinda, anatambua kuwa zile namba ni mistari ya Biblia, na anashindwa kujizuia: anamtumia barua pepe. Hapo ndipo hawa wawili wanapopatana. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba filamu ya kukaa mezani na kusoma karatasi lazima ichoshe. Haichoshi pale karatasi inapofichua jambo ambalo hata sisi hatukulijua. Katika ya tatu, karatasi zinathibitisha tunayoyajua tayari. Tunajua Zalachenko ni jasusi wa Kisovieti aliyeasi na kulindwa kwa siri nchini Uswidi. Tunajua Lisbeth si kichaa. Tunajua daktari Teleborian, yule wa hospitali ya vichaa alikofungiwa Lisbeth utotoni, ni mwongo. Tunaijua mpaka ile video ya mlezi wake wa kisheria, Bjurman, akimbaka, kwa sababu tuliiona ikirekodiwa. Kinachongojwa ni lini mahakama nayo itajua.

Na hawa wawili, ambao ukaribu wao wa ajabu ndio ulioipa ya kwanza joto, wanatenganishwa karibu filamu mbili nzima. Katika ya pili wanakutana mwishoni, mmoja akiwa nusu maiti. Katika ya tatu wanaonana mahakamani kwa mbali, kisha mlangoni mwa nyumba yake dakika za mwisho, wakizungumza maneno machache ya watu wanaoona haya. Mwisho ule mimi naupenda, ni wa kweli kwa tabia ya Lisbeth. Lakini nauelewa uchungu wa mtazamaji aliyengoja waungane tena.

Tuje kwa maadui. Adui mkubwa, Zalachenko, analala vyumba vichache kutoka kwa bintiye. Hebu fikiria hiyo hali: baba na mwana waliojaribu kuuana, wodi moja, askari koridoni. Ungeweza kutengeneza filamu nzima humo. Larsson alikuwa na mpango mwingine. Anamleta Evert Gullberg, mzee mstaafu aliyewahi kuongoza kile kitengo cha siri, mgonjwa wa saratani asiye na muda mrefu wa kuishi. Anaingia hospitalini amevaa nadhifu, hana haraka, wala hakuna anayemtilia shaka. Anafika kitandani kwa Zalachenko, anampiga risasi. Anajaribu kumfikia Lisbeth, anashindwa, anajiua. Mwigizaji ni Hans Alfredson, baba mzazi wa mwongozaji Daniel Alfredson, na kwa Waswidi alikuwa mmoja wa wachekeshaji wapendwa kabisa wa karne iliyopita. Mswidi anayemwona yule mzee mwenye uso wa babu akichomoa bastola anapata mshtuko ambao mimi na wewe hatuupati. Ndilo tukio bora la nusu ya kwanza, sina shaka. Lakini hesabu gharama yake: mapema kabisa tumempoteza adui tuliyemchukia, na waliobaki ni wazee wa ofisini. Kiongozi wao, Fredrik Clinton, anaishi kwa mashine ya kusafisha figo. Unamwogopaje mtu unayemhurumia?

Hapa niwatetee kidogo, kwa sababu kwa Mswidi wazee hao wana uzito. Mwaka 1973 waandishi Jan Guillou na Peter Bratt walifichua katika jarida la Folket i Bild/Kulturfront kuwepo kwa idara ya ujasusi ya siri iliyoitwa IB, iliyokuwa ikiwapeleleza raia wa mrengo wa kushoto bila bunge kuarifiwa. Waliofungwa ni waandishi. Mwaka 1986 waziri mkuu Olof Palme akapigwa risasi barabarani Stockholm akitoka sinema na mkewe, na maswali kuhusu nani alijua nini ndani ya polisi hayakwisha kwa miongo. Nchi hiyo inajivunia sheria ya uhuru wa magazeti tangu 1766. Larsson alikulia ndani ya mgongano huo, kati ya nchi inayojiona safi na makabati yaliyofungwa kwa kufuli. Anapotuonyesha watumishi wa serikali wanaomfungia mtoto wa miaka 12 hospitali ya vichaa ili siri yao isitoke, anagusa kidonda halisi. Kitabu kina nafasi ya kuyaeleza hayo hatua kwa hatua. Filamu imeyakata, ikabakiza wanaume wenye suti wakinong'ona vyumbani, na mtazamaji wa Morogoro, au hata wa Paris, anaona wanaume wenye suti tu.

Sasa lawama za watengenezaji. Filamu ya kwanza iliongozwa na Mdenmark, Niels Arden Oplev, kwa muswada wa Nikolaj Arcel na Rasmus Heisterberg, na ilipangwa tangu awali kuwa ya sinema. Ya pili na ya tatu kampuni iliyozitengeneza, Yellow Bird, ilizikusudia kwa televisheni. Mwongozaji akabadilika, akaja Daniel Alfredson. Waandishi wa muswada nao wakabadilika. Ya kwanza ilipotoka Februari 2009 na kupokelewa kwa kishindo, iliamuliwa mbili zilizobaki nazo ziende sinema. Zikatoka Septemba na Novemba mwaka huohuo. Filamu tatu ndani ya miezi tisa.

Ukijua hivyo, utaiona televisheni kila mahali. Nyuso zimejaa kioo. Mtu anaingia chumbani, anasema, anajibiwa, anatoka. Mandhari yale mapana ya kisiwa chenye theluji yamepotea. Mbaya zaidi kwangu mimi mhariri ni mapigo ya masimulizi. Tamthilia ya televisheni hukata kutoka kundi moja la watu kwenda jingine ili kila mmoja akumbukwe, na kwa kipindi cha wiki hadi wiki mtindo huo unafaa. Ukiiminya ndani ya saa mbili na nusu, kila uzi unaguswa na hakuna uzi unaovutwa. Mfano ni Erika Berger, mhariri mkuu wa Millennium, jarida analofanyia kazi Blomkvist. Kitabuni anahamia gazeti kubwa la kila siku, anapambana na wanaume wasiomtaka, na mtu asiyejulikana anamtumia ujumbe wa kumdhalilisha. Ni riwaya ndogo ndani ya riwaya. Filamu imemwacha palepale Millennium na kubakiza vitisho vya barua pepe, bila maisha yaliyovizunguka. Matokeo yake Lena Endre, mwigizaji mkubwa kabisa, amebakia kubishana na Blomkvist kama wachapishe au wasichapishe. Niedermann naye anajitokeza kila baada ya muda, anaua, anapotea, ili tusisahau kwamba yupo.

Nadhani waliogopa. Walikuwa na tamthilia ya mahakamani mkononi, wakaogopa kuwa watu wamekuja kutazama filamu ya msako, basi wakainyunyizia wauaji wa kukodiwa na vitisho. Ningekuwa mimi mezani kwa uhariri ningeanza na Lisbeth akiingia mahakamani, kisha ningerudi hospitalini kwa vipande vifupi, kila kipande kikijibu swali la mwendesha mashtaka. Kitanda kingekuwa kumbukumbu badala ya kuwa kituo cha kungojea. Vikao vya ofisini ningefuta zaidi ya nusu, na uzi wa Erika wote.

Na sasa nifike kwenye kile ulichosema kimefunikwa, kwa sababu kipo. Kwa wiki nyingi Lisbeth amekataa kusema neno na polisi. Siku ya kesi anaanza kujiandaa: nywele zinasimamishwa wima katikati ya kichwa, macho yanapakwa weusi, mavazi ya ngozi nyeusi, minyororo, hereni kila mahali. Wakili yeyote angemsihi avae blauzi na kufuta rangi, maana kesi yenyewe ni kuthibitisha kwamba ana akili timamu. Yeye anaingia vile alivyo. Ujumbe ni kwamba mkinihukumu, mnihukumu mimi, wala si msichana mliyemtengeneza. Baada ya muda wote wa kulala kitandani, kule kutembea kwa hatua chache kutoka mlangoni hadi kitini kunarudisha mwili wote wa Rapace kwenye filamu.

Chumba cha mahakama chenyewe usikidharau. Uswidi kesi ya jinai ya namna hiyo haina baraza la kushawishiwa kwa hotuba kama tunavyoona katika filamu za Marekani. Kuna hakimu mwanasheria, na pembeni yake wananchi wa kawaida wanaokaa naye na kupiga kura. Kwa msomaji wa Tanzania, wafikirie wazee wa baraza, ila hawa kura yao inahesabika sawasawa na ya hakimu. Hakuna mawigi wala kupiga meza. Watu wamekaa, wanazungumza kwa sauti ya kawaida. Alfredson hakuongeza chumvi, na hapo nampongeza kwa moyo wote. Teleborian anatoa ushahidi kwa upole wa kitaalamu: mgonjwa huyu ana ndoto za mateso, hiyo habari ya kubakwa na mlezi wake ameibuni. Annika Giannini anamwacha aseme. Anamwuliza tena, ili arudie, ili ajifunge kwa maneno yake. Ndipo anaomba video ionyeshwe.

Hapa kuna uamuzi mmoja wa uhariri ninaoutolea mfano kila mara. Sisi video tulishaiona katika ya kwanza. Haina jipya kwetu. Kwa hiyo cha kutazama ni watu wanaoitazama. Nyuso za mahakimu zinabadilika. Mwendesha mashtaka anayumba. Lisbeth mwenyewe anabaki amekaa, hageuki, wakati aibu aliyoibeba peke yake inamwagwa mbele ya watu wasiomjua. Hapo kile nilichokiita kasoro kinageuka faida: tunajua kila kitu, na ndiyo maana inatuuma. Kisha inakuja zamu ya kompyuta ya Teleborian, picha za watoto zilizomo, na polisi wanamkamata palepale mahakamani. Mtu aliyemfunga mtoto kitandani kwa mikanda anaondolewa chini ya ulinzi mbele ya mtoto huyohuyo aliyekwisha kuwa mtu mzima. Filamu ingeishia pale, pamoja na ule mlango wa mwisho wa Blomkvist, wengi wangetoka wameshiba. Badala yake tunapelekwa kwenye kiwanda kikuukuu kumalizana na Niedermann, asiyesikia maumivu, ambaye Lisbeth anamkamata kwa kumpigilia miguu sakafuni kwa bunduki ya misumari. Ni tukio lililotengenezwa vizuri, na kitabuni lipo. Lakini linakuja wakati hasira yetu imeshatulia.

Kwa hiyo mwambie mumeo hivi: msuko umechechemea, na amesinzia mahali panaposinziza. Ila neno "mbovu" silikubali, maana filamu mbovu haina kile kikao cha mahakama.

Namna ya kuitazama ipo. Mwaka 2010 televisheni ya taifa ya Uswidi, SVT, ilionyesha toleo refu la kazi yote, sehemu 6 za takriban dakika 90, kila filamu ikiwa sehemu mbili. Ya tatu humo inapata karibu nusu saa ya ziada, na kwa ajabu inaonekana fupi zaidi, kwa sababu nyuzi zilizokatwa zimepata pa kupumulia na kila sehemu ina kituo chake. Ukilipata toleo hilo, achana na lile la sinema. Usipolipata, itazame ya pili na ya tatu siku moja, Jumamosi mchana mpaka usiku, bila siku kupita katikati. Zilikuwa hadithi moja tangu kwa Larsson, na damu ya shambani ikiwa bado mbichi kichwani, hospitali inapata hofu yake. Na kama mumeo yuko tayari kukupa saa moja tu, anzia pale Lisbeth anapopanda kizimbani.

Kitabu cha tatu kisome, hasa wewe uliyehisi kuna kitu. Kwenye sinema, usingojee mtu aje kuirekebisha. David Fincher alitengeneza upya riwaya ya kwanza mwaka 2011, akiwa na Rooney Mara na Daniel Craig, na mwendelezo wake haukuja. Filamu iliyofuata, ya 2018, iliruka moja kwa moja hadi kitabu cha nne, ambacho kimeandikwa na David Lagercrantz baada ya Larsson kufariki. Kesi ya Lisbeth, kwa sinema, ni hii moja tu ya Alfredson.